Mama mkwe anasema "popote tu", na mimi ndiye ninayesimamia ramani

Shikamoo Shangazi,

Nimeisoma safu yako kwa muda mrefu, nikiwacheka kimoyomoyo watu wenye dari zinazovuja na mafundi waliotoroka. Sasa zamu yangu imefika.

Mume wangu na mdogo wake wamenunua kiwanja kwa pamoja, mita 18 kwa 30, na wameamua tujenge nyumba moja ya familia nzima. Tutakaoingia humo ni mimi na mume wangu, watoto wetu watatu (binti wa miaka 15, mvulana wa 11 na kitindamimba wa miaka 2), mama mkwe mwenye miaka 72, na shemeji yangu na mkewe ambaye ni mjamzito. Leo tuko wanane, na kabla paa halijapigwa tutakuwa tisa. Mimi nimekabidhiwa kusimamia ramani, eti kwa sababu nina jicho la nyumba. Ukweli ni kwamba hakuna mwingine aliyetaka kuketi na mchoraji.

Ramani ya kwanza imeletwa. Ni nyumba ya ghorofa moja. Chini kuna sebule kubwa katikati, kama mita 8 kwa 5, na karibu milango yote ya chini inafungukia humo. Ngazi nazo zinaanzia sebuleni. Jiko ni moja, nyuma. Vyumba vya kulala ni sita: vinne juu, na chini kuna cha wageni karibu na mlango wa mbele na cha mama mkwe katika kona ya nyuma kabisa, kati ya stoo na mahali pa kufulia. Mchoraji alisema huko atapata utulivu. Choo cha chini kipo mbele, jirani na chumba cha wageni. Sakafu imeinuliwa kwa sababu mvua ikinyesha maji hukatiza kiwanjani, kwa hiyo mlango wa mbele una vidato vinne, kila kimoja sentimita 15.

Mama mkwe magoti yanamsumbua. Siku nzuri anatembea mwenyewe, siku mbaya anashika mkongojo na kuta. Tukimuuliza anataka nini anajibu, "Mimi popote tu, wanangu. Mkinipa pa kulaza ubavu inatosha." Mume wangu ameridhika na jibu hilo. Mimi linaninyima usingizi.

Sasa jambo ninaloona haya kuliandika. Tumeishi na mama mkwe miaka sita. Nampenda, ndiye aliyenilelea watoto nilipokuwa nikitoka kazini usiku. Lakini jikoni hatuelewani. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, na mimi nikiingia saa kumi na mbili nakuta kila kitu kimehamishwa. Visu viko kwingine, masufuria kwingine, na sinki ni lake mpaka atakapomaliza. Nataka jiko langu, Shangazi. Nikilisema hilo mume wangu atasikia kwamba simtaki mama yake. Mke wa shemeji ameninong'oneza kwamba naye anataka lake. Mume wangu anasema majiko mawili ni familia mbili, na sisi tunajenga ili tuwe pamoja.

La mwisho. Shemeji anatoa karibu nusu ya fedha zote, lakini kiwanja kimeandikwa jina la mume wangu peke yake, kwa kuwa siku ya kutia saini shemeji alikuwa safarini. Hakuna anayeligusia.

Fundi anataka kuchimba msingi mwezi ujao. Nibadilishe nini, na nianzie wapi?

Mke wa Kaka Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu.

Mwambie fundi aliweke jembe chini kwanza. Leo kuhamisha mlango ni kazi ya kifutio. Baada ya miezi sita ni kazi ya nyundo, na baada ya miaka sita ni kikao cha ukoo.

Nimeichora upya nyumba yenu kutokana na maelezo yako, na nafasi mnayo ya kutosha. Kasoro ni kwamba nyumba ina vyumba sita na njia moja. Kila anayekwenda popote lazima akatize sebule. Mume wako anaona hapo umoja, mimi naona kituo cha ukaguzi. Katika miaka yangu ya kuchora nyumba za watu wengi nimeona jambo hilihili likijirudia: mtu asiyeweza kupita bila kuonekana hujifungia chumbani, na sebule kubwa iliyojengwa ili watu wakutane hubaki na makochi tu. Wanaodumu pamoja chini ya paa moja ni wale wanaoweza kutoonana siku nzima bila mtu kuuliza kulikoni.

Ukitaka kumwonyesha mume wako bila kugombana, chukua ramani na penseli za rangi, kila mtu rangi yake. Chora safari zake za siku moja tangu anaamka mpaka analala. Binti yako ametoka kuoga, amejifunga taulo, anakwenda wapi, na nani amekaa hapo? Shemeji amerudi saa tano usiku, anapita wapi kufika ngazi, na nani ataamka? Mama anaamka saa nane za usiku kwenda chooni. Kwa ramani mliyo nayo, anatoka kona ya nyuma, anakatiza sebule yote gizani, anafika karibu na mlango wa mbele, kisha anarudi, na magoti hayo. Huhitaji kubishana na mtu. Weka penseli mezani na uiache karatasi iseme.

Marekebisho makubwa kuliko yote ni ngazi. Zitoe sebuleni, ziletwe karibu na mlango wa mbele, zianzie kwenye ukumbi mdogo hata wa mita mbili kwa mbili na nusu. Anayeingia achague: kushoto sebuleni, kulia juu. Kwa mabadiliko hayo peke yake shemeji na mkewe wanaingia na kutoka kama watu wazima. Faida nyingine itaonekana baadaye, maana siku mkitaka juu pawe makao yanayojitegemea, kwa shemeji, kwa mtoto aliyeoa au kwa mpangaji, mtaongeza mlango mmoja tu pale ukumbini. Nyumba ambayo ngazi zake ziko katikati ya sebule haigawanyiki bila kubomolewa.

Na maadamu tuko kwenye ngazi: ikiwa kutoka sakafu hadi sakafu ni mita 3, gawanya kwa vidato 18, kila kimoja kitakuwa na kimo cha karibu sentimita 16.7, kisha kikanyagio kiwe sentimita 29. Kuna kanuni ya Mfaransa François Blondel, ya karne ya 17, ambayo wachoraji bado wanaitumia: kimo mara mbili jumlisha kikanyagio kifikie kama sentimita 60 hadi 65, kwa kuwa ndiyo hatua ya kawaida ya mtu. Hapo mmepata 62.4. Cha muhimu zaidi ni vidato vyote vilingane, kwa kuwa mguu hukariri kimo baada ya hatua mbili, na kidato kimoja kilichozidi sentimita mbili ndicho kinachoangusha watu. Upana usipungue mita 1, reli pande zote mbili, na nafasi kati ya fito za reli isizidi sentimita 10, kwa sababu mahali mwili wa mtoto unapopenya, kichwa hufuata na kukwama. Kitindamimba wenu yuko katika umri wa kujaribu.

Nije kwa mama. "Popote tu" si jibu, mwanangu, ni adabu. Mtu aliyewahi kuwa na nyumba yake anapoingia ya mwanawe huogopa kuonekana mzigo, kwa hiyo hutaja kidogo kuliko anachotaka, kisha nyumba hujengwa kwa kipimo cha hicho kidogo. Usimuulize tena anataka chumba wapi. Muulize mambo ambayo ana majibu yake tayari. Akiamka anapenda kuona nini kwanza? Usiku huamka mara ngapi? Akiwa peke yake mchana hukaa upande gani wa nyumba? Nguo zake anakunja amekaa au amesimama? Kutoka hapo chumba kinajichora chenyewe.

Na huo utulivu aliopewa, nani aliuomba? Kwanza si utulivu, kwa kuwa ukuta mmoja ni wa kufulia. Pili, mtu wa miaka 72 aliyewekwa nyuma ya stoo atajua nyumba ina wageni kwa kusikia vicheko tu. Sasa tazama kilichowekwa mbele: chumba cha wageni. Wageni wanalala kwenu mara ngapi kwa mwaka? Mmewapa watu ambao hawapo chumba bora cha chini, chenye choo jirani. Vibadilisheni. Mama aje mbele, dirisha lake litazame njia ya kuingilia, na kile choo kifunguke kwake moja kwa moja. Wageni wa mchana watengenezewe kingine kidogo, hata chini ya ngazi mahali ambapo kimo kinaruhusu mtu kusimama. Wanaolala waende nyuma, watastahimili siku mbili.

Utauliza kuhusu kelele za sebule. Katika ukuta unaotenganisha chumba chake na sebule panga kabati la nguo la ukuta mzima, au bafu lake. Mlango wake usielekeane na mlango wa sebule, na uwe mlango wa mbao nzito, si ule mwepesi ulio mtupu ndani. Sauti hupita chini ya mlango kirahisi kuliko ukutani, kwa hiyo fundi asiache mwanya wa vidole viwili. Juu ya kitanda chake kusiwe na bafu, wala bomba la maji taka lisishuke kwenye ukuta wa kichwani pake. Chumba cha wavulana pia kikae mbali na hapo. Binti anaweza kulala juu yake, akiahidi kuhusu viatu.

Bafu la mama ndilo ningelisimamia mwenyewe kama ningekuwa wewe. Mlango uwe na nafasi wazi isiyopungua sentimita 80, kwa hiyo agiza wa sentimita 90, na ufungukie nje au uwe wa kuteleza ukutani. Ukifungukia ndani na mtu akaanguka nyuma yake, mwili wake ndio unaoufunga, na mtakuwa nje mnamsikia bila kumfikia. Sakafu iwe moja na ya chumbani, bila kizingiti na bila beseni la kuogea la kurukia. Maji yaelekezwe kwenye tundu kwa mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, na vigae viwe vya kukwaruza, si vile vinavyong'aa dukani. Kiti cha choo kikae kati ya sentimita 45 na 48 kutoka sakafuni. Vile vifupi vinamdai goti lipande mlima kila mara. Nafasi ya kugeuka iwe duara la mita 1.5. Najua hatumii kiti cha magurudumu. Namwombea asikitumie. Lakini kipimo hicho ndicho pia kinachomtosha mtu mwenye mkongojo pamoja na anayemshika mkono.

Vishikio vya ukutani huenda atavikataa leo, kwa sababu vinamwambia amezeeka. Basi visifungwe. Lakini kabla vigae havijabandikwa hakikisha kuta za pembeni ya choo na mahali pa kuogea ni imara, za tofali au zenye ubao mnene ndani, kutoka sentimita 80 hadi 100 juu ya sakafu, kisha piga picha ukiwa umeshikilia futi ya kupimia. Siku atakapokubali, fundi atatoboa mahali panapobeba uzito wa mtu.

Taa watu wengi huzisahau. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea ndani yake karibu theluthi moja tu ya mwanga unaofika kwenye jicho la kijana wa miaka 20. Mnayoona ninyi kuwa sebule yenye mwanga mzuri, yeye anaona jioni. Weka swichi anayoifikia akiwa amelala, na taa hafifu ya chini kutoka kitandani hadi chooni. Soketi zipande mpaka sentimita 45 au zaidi kutoka sakafuni ili asiiname.

Sasa vile vidato vinne vya mbele. Kuinua sakafu kwa sababu ya maji ni sawa, msishushe. Lakini sentimita 60 zinahitaji njia ya mteremko, na kipimo kinachokubalika kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Kwenu ni mita 7.2, pamoja na mita 1.5 ya sehemu tambarare juu, mbele ya mlango. Upana mita 1 au zaidi, na reli. Inaenea vizuri ubavuni mwa nyumba mkianza kuipangia nafasi leo. Fundi atakwambia mita tatu zinatosha. Mita tatu kwa kimo hicho ni 1 kwa 5, mahali ambapo hata kijana mwenye nguvu akisukuma, kiti kinataka kurudi nyuma. Ikiwezekana, udongo wenyewe uinuliwe taratibu tangu geti, mteremko uwe bustani, na hakuna atakayejua kwamba umewekwa kwa ajili ya mtu fulani.

Hilo la mwisho lina mwenyewe. Ronald Mace alikuwa msanifu majengo wa Marekani aliyeugua polio utotoni na kutumia kiti cha magurudumu. Alitumia maisha yake kusisitiza kwamba jengo lisiwe na mlango wa wazima na mlango wa wasiojiweza, bali mlango mmoja unaomfaa kila mtu. Mteremko wenu atakaoutumia kwanza si mama. Ni mke wa shemeji na kigari cha mtoto.

Jiko. Umelitaja kwa haya na bado umelieleza kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo nalipa uzito wake.

Japani, ambako nyumba ya familia mbili ni aina ya jengo inayojulikana na ina jina lake, wanazigawa kwa namna tatu: za kutumia kila kitu pamoja, za kutumia baadhi, na za kutenganisha kila kitu. Ninyi mnabishana kana kwamba kuna namna mbili tu, ya kwanza na ya tatu. Namna ya kati ndiyo inayowafaa. Jiko kubwa libaki moja, chini, la nyumba nzima. Juu, upande wa shemeji, kuwe na jiko dogo la ukutani, mita mbili na nusu tu: sinki, mahali pawili pa kuwashia moto, friji ndogo. Likae juu kabisa ya jiko la chini ili mabomba yapande wima na maji taka yashuke njia moja. Kama fedha hazitoshi, msilijenge sasa. Wekeni mabomba na waya, mzibe, mpake rangi. Gharama ya kupitisha bomba kabla ya slabu ya zege kumwagwa ni ndogo sana ukilinganisha na kuitoboa baadaye.

Kwa mume wako usilieleze kama jiko la pili la familia ya pili. Mtoto mchanga anakuja, na mama yake atahitaji maji ya moto saa tisa usiku bila kushuka ngazi akiwa na usingizi. Hii si hila, ni kweli tupu, na yeye mwenyewe ataiona.

Lakini umegundua kwamba hilo halijakutatulia wewe? Wewe na mama mkwe mtabaki chini pamoja. Nami nadhani, nisamehe kama nakosea, kwamba hutaki jiko lako. Unataka kukuta kisu pale ulipokiacha. Hayo ni mambo mawili. Soma tena ulichoandika: kila kitu kimehamishwa, na sinki ni lake mpaka amalize. Hapo pana kabati na sinki, mama wa watu hayumo. Jiko la chini liwe na masinki mawili, yasiwe ukuta mmoja. Nafasi kati ya meza za pande mbili iwe sentimita 120, watu wawili wapishane bila kuombana njia. Mama awe na upande wake wenye meza ya sentimita 75 hadi 80, wazi kwa chini, ili akae kwenye kiti na magoti yaingie. Meza yako iwe sentimita 90, ama kiwango cha kiwiko chako ukishusha sentimita kama 10 hadi 15. Makabati yake yawe kati ya nyonga na macho, yasimlazimishe kuinama wala kunyoosha mikono. Atakapokuwa na rafu zake, huenda akaacha kupanga zako. Nasema huenda. Wengine hawaachi, hata wapewe ghala.

Sebule nayo igawe. Mita 40 za mraba zenye televisheni moja ni mali ya mwenye sauti kubwa. Fanya ya mita 24 au 25 ya wote, na nyingine ndogo yenye mlango unaofungika, mahali pa mwanafunzi kusomea, au pa watu wawili kusemezana bila kwenda kusimama gizani nje. Kuta za ndani zisibebe uzito. Mwombe mhandisi nguzo na mihimili zibebe jengo, ili vyumba viunganishwe au vigawanywe kadiri watoto wanavyoondoka na wengine wanavyorudi. Wanarudi, usijidanganye.

Nimeliacha la fedha mpaka hapa kwa sababu ndilo linaloweza kuifanya kazi yote hii kuwa bure. Shemeji anatoa nusu na jina lake halipo. Hakuna ubaya wa mtu hapo leo. Lakini mume wako akitangulia, au shemeji, atakayekuja kudai si ndugu yake tena bali watoto wasiokuwepo wakati wa makubaliano, na wataamini karatasi. Sheria za umiliki na urithi hutofautiana nchi hata nchi, kwa hiyo muoneni wakili wa kwenu. Hati iwe na majina yote mawili, au kuwe na mkataba unaosema nani ametoa kiasi gani, anayetaka kuondoka analipwaje na kwa bei iliyopimwa na nani, na mama ana haki ya kukaa humo maisha yake yote hata nyumba ikibadilisha mikono. Mita za umeme na maji ziwe mbili, ya juu na ya chini. Haya yafanyike kabla ya msingi. Wewe ni mke, si wako kuyaanzisha mbele ya wote. Mwambie mume wako mkiwa wawili, naye amwite mdogo wake kabla mdogo wake hajalazimika kuuliza. Nina hakika shemeji anaiwaza hati hiyo kila anapotuma fedha.

Ukishapata mchoro mpya, usiupeleke mezani kwanza. Watu wengi hawawezi kusoma ramani na wanaona aibu kusema. Chukueni kamba, vigingi na chokaa, mwende kiwanjani Jumamosi moja mkachore nyumba chini kwa ukubwa wake halisi: milango, ngazi, kitanda cha mama, sinki zote mbili. Watoto watembee humo. Shemeji aingie kama aliyerudi usiku. Kisha mleteni mama na kiti chake, akae ndani ya mistari ya chumba chake, mmuulize kutoka hapo anaona nini. Kama atasema dirisha lisogee kushoto, lisogezeni. Siku hiyo bado ni chokaa tu.

Shangazi